Aliyesimama Nyuma ya Goli

Anwari Saidi alikuwa kinyozi pale Rumonge, karibu na soko, lakini Ijumaa mchana watu hawakwenda kwake kunyolewa. Walikwenda kusikiliza gazeti. Taxi-bus ya kutoka Bujumbura ilipolishusha Habari za Mwambao, Anwari alizima mashine, akavaa miwani, akafungua ukurasa wa michezo na kusoma kwa sauti safu ya Josias Bukuru. Aliyekuwa kitini na kichwa chake kimenyolewa upande mmoja alingoja, tena bila kulalamika.

Gazeti lenyewe lilikuwa la Kifaransa karibu lote. Ukurasa wa michezo tu ndio uliokuwa wa Kiswahili, kwa sababu Josias alikataa kuandika mpira kwa lugha nyingine. Alikuwa mtoto wa Gatete, hapo hapo jirani, wa wazazi waliovuka ziwa kutoka upande wa Baraka, Kongo. Safu yake iliitwa "Nje ya Mstari". Hakuwa mtu wa matusi, wala wa kusifu ovyo. Aliweza kuandika juu ya mchezaji wa akiba aliyekaa benchi msimu mzima, na wanaume wazima wakainamisha vichwa. Akisema timu imecheza vibaya, hata kocha wa timu hiyo alikubali, maana Josias alieleza ni wapi na vipi.

Safari moja alikosea. Aliandika jina la mfungaji ambaye siye. Anwari akapiga simu gazetini, na toleo lililofuata Josias akajisahihisha mbele ya wasomaji wote. Kisha akampigia Anwari yeye mwenyewe. Toka hapo, kila timu ya Rumonge ilipocheza nyumbani na Josias hakuweza kufika, alimpigia.

"Muzee Anwari, uliona nini?"

Anwari alikuwa mwenyekiti wa mashabiki wa Mawese FC, timu ya mji. Lakini cheo hicho hakikumpa raha kama swali lile. Akilijibu alisimama mlangoni pa saluni, mahali ambapo wapita njia wangemsikia.

Kisha ikaja mechi ya Mawese na Umoja ya Nyanza-Lac.

Ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu. Mawese ikishindwa kupata ushindi, inashuka daraja. Anwari alisimama nyuma ya goli la Umoja pamoja na mashabiki wenye ngoma, na kando yake alikuwa Lameki, muuza samaki, rafiki yake wa miaka mingi. Mechi ilikuwa inakaribia kuisha bila bao wakati winga wa Mawese alipopiga shuti kutoka pembeni. Mpira ukapita nje ya nguzo, ukaingia kwenye tundu la wavu wa ubavuni, ukatulia ndani ya goli.

Mwamuzi alikuwa mbali. Aliona mpira ndani, akapiga filimbi, akaonyesha kati.

Kipa wa Umoja, kijana aliyeitwa Heri, alikimbilia lile tundu. Akapitisha mkono wake mzima ndani yake, akaupunga huku akiita. Mwamuzi hakuja kutazama. Heri akamfuata, akamshika jezi, akapewa kadi nyekundu.

Mpira ule ulikuwa umepita karibu kabisa na uso wa Anwari. Alikuwa ameuona ukiwa nje, tena ukiingia pale palipotoboka. Kwa kitambo kidogo alisimama kimya, mikono chini. Halafu ngoma zikalia, Anwari akapiga kelele na wenzake, na Lameki akamrukia shingoni. Mawese ilibaki daraja lake. Mji mzima ulicheza barabarani.

Jioni hiyo simu yake iliita. Aliona jina la Josias kwenye kioo. Aliitazama simu mpaka ikanyamaza, kisha akaigeuza kifudifudi juu ya meza.

"Nani huyo?" aliuliza mke wake, Fahima.

"Watu wa mpira."

Ijumaa iliyofuata saluni ilijaa kuliko siku zote. Anwari akaanza kusoma kama kawaida, na alipofika katikati sauti yake ikapungua. Josias alikuwa ameandika kwamba bao la Rumonge halikuwa bao. Alisema ameongea na Heri, na ameongea na msichana mmoja aliyekuwa akiuza karanga pembeni ya uwanja, na wote wamemwelekeza kwenye tundu lile lile. Alimalizia hivi: "Umati wote uliokuwa nyuma ya goli uliona. Sijasikia hata mmoja aliyesema. Hilo linanisikitisha kuliko kosa la mwamuzi, kwa sababu mwamuzi alikuwa mbali."

Saluni ikalipuka.

"Huyu mutu iko ametuuza!" alisema Lameki. "Mutoto wa Gatete, anakula ugali wa hapa, anaandika mambo ya Nyanza-Lac!"

"Hata hakuwa hapa," akasema mwingine.

"Mwenyekiti, sema kitu. Wewe njo unajua kuongea. Tutanyamaza hivi hivi?"

Wote walimgeukia. Anwari alikunja gazeti, akalikunja tena. Angeweza kusema pale pale, mbele ya watu waliomheshimu, kwamba alichoandika Josias ni kweli. Maneno hayo yalimfika kooni. Alimwona Lameki akimsubiri, uso wake umejaa imani, akayameza.

Jumapili, kwenye kipindi cha michezo cha redio, wasikilizaji walipewa nafasi ya kupiga simu. Mtangazaji alikuwa Généreuse, mwenye kicheko kinachojulikana mwambao wote. Anwari alipiga akiwa saluni, watu wamemzunguka, simu ameiweka sauti ya juu.

"Mimi ni mwenyekiti wa mashabiki wa Mawese," alisema. "Huyu Josias aliandika mechi ambayo hakuiona. Aliuliza nani? Aliuliza watu wa Nyanza-Lac! Nyinyi hamujui mukeke, ile samaki ya Nyanza-Lac, ilivyo mutamu? Kalamu yake imekaangwa mu mafuta ya mukeke!"

Généreuse alicheka mpaka akashindwa kuongea. Saluni nzima ilicheka. Anwari, akisikia vicheko, aliongeza jambo ambalo hakuwa amelipanga.

"Na yule kipa mwenyewe anajua ni goli. Alikuwa anajifanya tu."

Kufikia jioni, sauti yake ilikuwa kwenye simu za watu kutoka Rumonge mpaka Bujumbura. Sokoni wanawake walimwita "Muzee wa mukeke". Alipita akiinua mkono kama mtu aliyeshinda uchaguzi. Nyumbani Fahima alimwekea chakula, akaketi mbele yake.

"Baba Aliya, si huyu Josias njo alikuwa anakupigia simu?"

"Ni yeye."

"Na siku ile alipiga?"

Anwari aliendelea kula. Fahima alimwangalia kidogo, halafu akaondoa sufuria, hakuuliza tena.

Baada ya majuma machache, gazeti lilikuja na maneno madogo juu ya safu: "Josias Bukuru anawaaga wasomaji."

Habari ilifika saluni kabla ya gazeti lenyewe. Watu walikuja wakicheka, wakimpiga Anwari mgongoni. Lameki alileta soda kwa wote. "Tumemutoa!" alisema. "Mukeke imemutoa!" Hata Anwari alicheka. Akavaa miwani, akasimama katikati ya saluni, akaanza kusoma.

Josias hakusema kwa nini anaondoka. Aliandika juu ya viwanja vya mwambao, jinsi vumbi lake lilivyo jekundu hapa na jeusi kule. Aliomba radhi kwa wachezaji aliowaumiza. Kisha akaanza kushukuru, na Anwari akasoma kwa ile sauti yake ya Ijumaa, kubwa na ya kujiamini:

"Wasomaji wengi hawajawahi kulishika gazeti hili. Wamelisikia tu. Kuna kinyozi Rumonge, jina lake Anwari Saidi, ambaye..."

Alisimama.

"Soma!" walisema watu. "Ni wewe! Soma!"

"...ambaye kwa miaka yote hii amewasomea. Ndiye alinisahihisha nilipokosea, akanifundisha kwamba mwandishi wa michezo anaandika mbele ya watu walioona. Kama nimewahi kuandika jambo la haki juu ya mpira wa Rumonge, sehemu yake ni macho ya mtu huyu. Namshukuru."

Hapakuwa na aliyecheka. Kitini alikuwa ameketi Yudita, mwalimu wa shule ya msingi, aliyekuja kupunguzwa nywele. Alishuka na kitambaa bado kipo shingoni, akakifungua mwenyewe, akakiweka juu ya kiti.

"Mimi wanafunzi wangu walikuwa wanasoma Kiswahili kwa huyu mutu," alisema. "Hakuna kitabu tulikuwa nacho. Tulikuwa na ukurasa huu." Akatoka, nywele zake hazijaisha kupunguzwa.

Mmoja mmoja wengine nao walitoka. Lameki alibaki, chupa ya soda mkononi, akitafuta neno. "Bon," alisema mwishowe. "Ameandika vizuri." Naye akaenda. Anwari alibaki peke yake na miwani usoni. Aliona sura yake kwenye kioo kikubwa cha saluni, akageukia ukutani.

Jumapili kwenye redio, kipindi kizima kilikuwa cha kumuaga Josias. Walipiga wavuvi, walipiga wauguzi, alipiga padri mmoja mzee. Wapo waliolia. Mtu mmoja wa Nyanza-Lac alisema Josias aliwahi kuwaandika vibaya mwaka mzima, na walimchukia, na sasa hawajui nani atawaambia ukweli. Kati ya simu na simu, kwa kuchangamsha, fundi mitambo aliweka ile sauti ya mukeke. Généreuse hakucheka safari hii. Anwari alizima redio. Ijumaa iliyofuata, mahali pa safu palijaa ubashiri wa mechi za Ulaya. Aliufungua ukurasa kwa mazoea yake, akakuta hana cha kusoma.

Alikaa na jambo hilo kwa muda, akipoteza usingizi na hamu ya chakula, mpaka Fahima alipomwambia asubuhi moja, "Gatete si ng'ambo. Nenda."

Akapanda pikipiki mpaka Gatete, akauliza nyumba ya Josias, akaelekezwa kwa dada yake, Jovita, mwanamke mwenye shamba la michikichi. Jovita alikuwa uani akichochea moto chini ya pipa la ngazi, matunda ya michikichi yake.

"Amahoro, mama," alisema Anwari. "Namutafuta muzee Josias."

Jovita aliinua kichwa. Hakumjua kwa sura, lakini alisimama taratibu, kijiti mkononi.

"Sauti hii naijua," alisema.

Anwari alitazama chini. Jovita aliingia ndani, akarudi na kiti, akakiweka kivulini bila kumkaribisha. Baadaye kidogo Josias akatoka. Alikuwa mfupi kuliko Anwari alivyomfikiria. Miaka yote hiyo hawakuwahi kuonana, maana Josias alipokuja uwanjani alikaa na waandishi, mbali na ngoma. Alimpa mkono, akaketi kwenye kigogo.

"Karibu, muzee Anwari."

Anwari alikuwa ameandaa maneno mengi. Yalimpotea. "Ulinisikia?" aliuliza. "Mu redio?"

"Nilikusikia. Nilikuwa mu taxi-bus, nakuja kuona dada. Dereva aliongeza sauti. Watu wote walicheka." Josias alipangusa magoti yake. "Na mimi nilicheka, ili wasijue ni mimi."

Anwari alisema, "Ni mimi nilikutoa mu gazeti."

"Hapana. Usijipe ukubwa huo. Wenye gazeti walitaka ukurasa uwe wa kubashiri, watu wa kubashiri wanawalipa. Nilikataa, nikaondoka. Wewe hukuwa mu hesabu."

Hata hilo lilimuuma Anwari, na kule kuumwa kwenyewe kukamtia aibu mpya.

"Sasa mbona uliandika jina langu? Baada ya yote niliyosema?"

"Ile shukrani niliiandika zamani, kabla ya mechi ile. Nilijua siku ya kuondoka inakuja. Mhariri aliniuliza kama niitoe. Nilifikiri sana, sikufichi. Nilikuwa na hasira. Lakini yale niliyoandika yalikuwa ya kweli. Uongo wako wa juzi haufuti kazi yako ya zamani. Nikasema waache."

"Nilikuwa nyuma ya goli," alisema Anwari. "Niliona. Mpira ulipita nje."

"Najua uliona. Njo maana hukupokea simu."

Jovita alikuwa ameacha kuchochea moto. Anwari, mzee mwenye ndevu nyeupe, alishuka kwenye kiti, akapiga goti moja mbele ya Josias. Josias akamshika bega haraka, akamwinua.

"Usinifanyie hivyo. Msamaha nimekupa, lakini mimi si mtu wa kwanza. Yule kipa, unajua walimufanya nini? Timu yake ilimufukuza. Wanasema aliuza mechi. Na mwenyekiti wa Mawese alitangaza kwamba kipa mwenyewe anajua ni goli. Walikutaja wewe, muzee Anwari. Wewe njo ulikuwa shahidi wao."

Anwari hakuwahi kulisikia hilo. Alirudi Rumonge kwa miguu sehemu kubwa ya njia, pikipiki zikimpita na kumpigia honi.

Jumapili akapiga tena simu redioni. Safari hii alipiga nyumbani, Fahima akiwa kando yake.

"Muzee wa mukeke!" alisema Généreuse. "Tulikukosa!"

"Mama, nataka kusema jambo," alisema Anwari. "Goli letu na Umoja halikuwa goli. Nilisimama hapo hapo. Mpira ulipita nje, ukaingia mu tundu. Heri alisema kweli. Josias aliandika kweli. Mimi nilisema uongo."

"Unatania?" aliuliza Généreuse.

"Sitanii."

"Kwa nini hukusema siku ile?"

"Siku ile nilikuwa na furaha."

"Na baadaye?"

"Baadaye nilikuwa na haya. Na haya ilinifanya mukali."

Généreuse alimshukuru kwa sauti ndogo, akaweka muziki. Anwari alibaki ameshika simu sikioni hata baada ya kukatika. Fahima aliitoa mkononi mwake.

Sauti hii ya pili haikusambazwa na mtu. Ile ya kwanza iliendelea kuzunguka kwenye simu. Kamati ya mashabiki ilimvua uenyekiti bila kumwita kikaoni. Lameki alikuja saluni mara moja, akasimama mlangoni.

"Tungeshuka daraja, sawa, tungepanda tena," alisema. "Lakini umetufanya wezi mu redio."

"Na mimi nikiwemo, Lameki."

"Mimi sikuona mpira! Nilikuwa nakutazama wewe. Wewe ulipofurahi, nikajua ni goli."

Lameki akaenda, na tangu siku ile ananyoa kwa kinyozi mwingine, upande wa bandari.

Msimu ulipoanza tena, Anwari alipanda taxi-bus mpaka Nyanza-Lac. Alikuwa amesikia Umoja imemrudisha Heri, ingawa kama kipa wa akiba. Alimkuta uwanjani asubuhi, mazoezi yamekwisha, anavua glovu zake. Alikuwa amekonda.

"Mwanangu, mimi ni Anwari wa Rumonge."

"Nakujua," alisema Heri. "Nilisikia ulivyosema mu redio. Zote mbili."

"Nimekuja kukuomba msamaha."

Heri alizikunja glovu, akaziweka ndani ya mfuko. Hakuwa na hasira usoni. Alionekana mchovu.

"Siku ile, nilipotia mukono mu tundu, sikuwa naita mwamuzi peke yake," alisema. "Nilikuwa nakuita wewe. Wewe tu ulikuwa mzee hapo nyuma, na uliacha kupiga makelele. Nikasema huyu ameona, huyu atasema. Ulinitazama, muzee. Halafu ukaanza kuruka."

Anwari alikumbuka ngoma, na shingo ya Lameki, na shangwe. Uso wa Heri hakuukumbuka. Hilo ndilo alilomweleza Fahima baadaye, kwamba alikuwa ametazamana na kijana yule na hakumwona.

"Ni kweli," alimjibu Heri. "Kila ulichosema ni kweli."

"Mama yangu mpaka sasa haendi sokoni kwa furaha," alisema Heri. "Watu wanamuuliza nilipata nini."

"Nipeleke kwake. Nimuambie mimi mwenyewe. Na hapo sokoni niseme, mbele ya hao wanaomuuliza."

Heri alimwangalia kwa muda mrefu, kama anayepima shuti kabla halijapigwa. Msamaha hakuutaja. Alitupa mfuko begani, akaanza kutembea kuelekea sokoni, na Anwari akamfuata nyuma, kofia yake mkononi, jua likimchoma kichwani.